Ekseli ya nyuma ya guta: iimarishe kabla haijakatika

Siku za soko Tengeru, maguta ya magurudumu matatu hushuka kutoka vijiji vya Mlima Meru yakiwa yamejaa ndizi, viazi na wakati mwingine watu juu ya mzigo. Barabara nyingi za huko zina mawe na makorongo. Ekseli ya nyuma ikikatika kwenye mteremko, anayepoteza si mwenye guta peke yake.

Kwa nini inakatika?

Ekseli ya nyuma ni bomba la chuma lenye difu katikati, na ndani yake mna shafti zinazozungusha magurudumu. Springi hukandamiza bomba kuelekea chini, huku magurudumu yakilisukuma juu kwenye ncha zake. Kwa hiyo bomba hutaka kupinda, na upande wake wa chini ndio unaovutwa zaidi. Gurudumu moja likipanda jiwe, sehemu kubwa ya mzigo huhamia upande huo kwa ghafla. Nyufa huanza zaidi karibu na difu au pale springi inapokaa.

Dalili za kuangalia

Simama nyuma ya guta likiwa na mzigo. Je, magurudumu yameinama kwa ndani upande wa juu? Je, tairi zinalika zaidi upande wa ndani? Je, kuna oili inayovuja kwenye bomba? Futa tope, kisha tafuta mstari mwembamba wa kutu karibu na sehemu zilizochomelewa. Ukiona ufa, usipakie tena.

Namna ya kuimarisha

Chukua rula. Ukiilaza, inapinda kwa urahisi. Ukiisimamisha kwa ukingo, haipindi. Chuma nacho ni hivyo hivyo: ukiongeza kimo chake mara 2, ugumu wake huongezeka mara 8. Kwa hiyo mwambie fundi asimamishe chuma bapa kwa ukingo kando ya bomba, kianzie karibu na gurudumu moja, kipite difu, kifike karibu na gurudumu la pili. Kikiwekwa juu ya bomba hakitagonga mawe, ila hakikisha hakigusi bodi springi zinapobonyea.

Kabla ya kuchomelea, toa shafti, mwaga oili, fungua waya za betri na weka petroli mbali. Waya wa eathi ufungwe kwenye bomba lenyewe, umeme usipite kwenye beringi. Fundi achomelee vipande vifupi, mara kushoto mara kulia, maana joto likizidi sehemu moja bomba hujikunja. Asimwagie maji, liache lipoe lenyewe. Kisha pima kwa kamba kama limenyooka, weka sili na oili mpya, na zibua tundu la kupumulia la difu.

Shafti iliyokatika isichomelewe. Chuma chake kimekomazwa kwa moto, na kikichomelewa hupoteza nguvu hiyo. Nunua nyingine.

Usiongeze mzigo

Ekseli ikiimarishwa, breki, beringi, shafti na tairi hubaki zile zile. Ukiongeza magunia kwa sababu bomba limekuwa gumu, kitakachofuata kukatika ni kingine. Pakia kwa kiwango cha mtengenezaji, gawanya uzito sawa pande zote mbili, na abiria washuke kabla ya mteremko mkali.