Trei za mayai hazizuii karasha

Ukipita kwenye studio za mtaani kuanzia Kahama hadi Geita mjini, hutakosa ukuta uliobandikwa trei za mayai. Wengi wanaamini zinazuia kelele. Hazizuii. Hupunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba ndani ya chumba, basi. Mngurumo wa karasha linalosaga mawe ya dhahabu, au wa jenereta la jirani, hupita humo bila hodi. Unaozuia mngurumo ni uzito: tofali lililopigwa plasta pande zote, na mlango mzito usio na upenyo chini. Asiye na hivyo asubiri karasha lizimwe.

Lakini kelele ndiyo shida ndogo. Albamu ya waimbaji wawili wa nyimbo za asili huharibiwa zaidi na mazoea ya studio: biti kwanza, kisha msanii mmoja mmoja anavaa hedifoni na kuingiza vokali. Kwa Bongo Fleva, sawa. Kwa Wasukuma, ambao manju wao wamekulia katika ushindani wa makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu, wimbo ni kujibizana. Anayepokea huisikiliza pumzi ya anayetoa. Akirefusha, naye hungoja. Ukiwarekodi siku tofauti, mpokeaji anajibizana na rekodi, na rekodi haimngoji mtu.

Waweke chumba kimoja, watazamane, kila mmoja na maiki inayopokea sauti ya mbele tu, mgongo wa maiki ukielekea kwa mwenzake. Sauti zitavuja kidogo kutoka maiki moja hadi nyingine. Ziache. Gharama yake ni kwamba mmoja akikosea wote hurudia, na prodyuza anayelipwa kwa wimbo hapendi hilo. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika mwaka 1950 akinasa nyimbo hakuwa na njia nyingine: alishika maiki mkononi, akaisogeza kwa anayeimba. Kilichombana ni santuri, ambayo upande mmoja ulibeba kama dakika tatu tu. Sisi hatuna santuri, ila bado tunakata nyimbo kwa dakika hizo hizo.

Sasa kinanda, ambacho prodyuza hupenda kukiweka juu ya ala za asili. Ndono, ule upinde wa waya mmoja wenye kibuyu, hutoa noti zilizomo ndani ya waya wenyewe, na mpigaji huzichagua kwa kusogeza mdomo wa kibuyu kifuani. (Maiki ielekee kibuyu, ukiiweka karibu na waya utapata mlio wa kijiti tu.) Mojawapo ya noti hizo, ya saba katika mfululizo wake, iko chini ya noti ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu toni. Weka kinanda juu yake, wasikilizaji watasema mwimbaji anaimba vibaya. Washa otochuni, programu itavuta sauti yake hadi kwenye kinanda, na ladha imekwisha.

Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha Bagamoyo hadi kifo chake mwaka 2003, ametuachia albamu mbili za kulinganisha. Katika Mkuki Wa Rocho yuko na mpwa wake Charles. Katika Assembly yuko na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada, na mitambo yake. Ya pili imefanywa kwa heshima, sibishi, lakini anayetaka kujua watu wawili wanatosha kiasi gani kuijaza albamu aanze na ile ya kwanza.

Kwenye kumiksi, usiamini spika kubwa za studio peke yake. Mteja wako wa Nyarugusu au Rwamagasa, huko Geita, atausikia wimbo kwenye simu, au kwenye spika ndogo iliyofungwa kwenye bodaboda, na hizo hazitoi besi ya chini. Ukiitegemea besi, ngoma itapotea kabisa. Pandisha mlio wa kiganja kwenye ngozi, punguza besi, halafu toka nje na simu yako usikilize kando ya barabara.