Stesheni Tano, Bei Moja

Msimu wa korosho ukifunguliwa mwezi Oktoba, mkulima wa Chiungutwa, kati ya Masasi na Newala, hakosi pa kusikia habari za mnada. TBC Taifa ipo, Radio One ipo, Radio Free Africa ipo, redio za Masasi na Mtwara zipo, na kwenye simu kuna Mwananchi na Azam TV. Jioni kinachovuma ni kimoja: bei ya juu ya kilo. Bei ya chini hutajwa kwa kupita tu. Makato ya chama cha msingi, chama kikuu, ghala, usafirishaji na ushuru wa halmashauri mara nyingi hayatajwi hata kidogo. Mtu anaweza kuzunguka stesheni tano na bado akashangaa fedha iliyoingia benki.

Wengi watakwambia chanzo ni umiliki: vyombo viko mikononi mwa wachache. Si uongo. IPP ya marehemu Reginald Mengi ndiyo iliyoanzisha ITV na Radio One mwaka 1994, na Nipashe ni yao pia. Mwananchi, The Citizen na Mwanaspoti zinatoka Mwananchi Communications, kampuni tanzu ya Nation Media Group ya Nairobi. Star TV na Radio Free Africa zilianzishwa na Anthony Diallo, mwanasiasa wa CCM kutoka Mwanza. CCM chenyewe kina Uhuru, na serikali ina TBC, HabariLeo na Daily News, ambalo mizizi yake ni The Standard, gazeti la Lonrho lililotaifishwa mwaka 1970. Azam TV ni ya kundi la Bakhresa, na inaonyesha Ligi Kuu ambamo Azam FC, timu ya kundi hilohilo, nayo inacheza. Hapo hatuna haja ya kumshuku mtu. Mpangilio wenyewe unatosha kututahadharisha.

Lakini umiliki ungekuwa ndio sababu pekee, wamiliki wanaoshindana wangetupa habari zinazotofautiana. Kundi la Bakhresa na IPP wana sababu gani ya kukubaliana kuhusu mnada wa Masasi? Hawana. Kufanana huko kunaanzia mbali zaidi na ofisi zao.

Kunaanzia kwa mwandishi wa mkoani. Nje ya miji mikubwa, vyombo vingi havina mwajiriwa, vina mwandishi wa kujitegemea anayelipwa kwa habari iliyotoka. Isipotoka, amekula hasara. Mtwara mjini hadi Masasi ni karibu kilomita 200, na nauli ni juu yake. Msafara wa kiongozi ukipita, anapata nafasi ndani ya gari, chakula cha mchana na pengine posho. Anarekodi hotuba, anamhoji ofisa wa ushirika, anapiga picha ya magunia ghalani, na kabla ya saa kumi gari linarudi. Sauti ileile wanagawana waandishi watatu, nayo usiku inasikika kwenye vyombo vya wamiliki watatu. Mkulima aliyesimama nyuma ya magunia hakuondolewa na mhariri. Hakuna aliyepata muda wa kumfikia. Mmiliki anahusika, ila kimyakimya: ndiye aliyeamua kwamba Masasi haistahili mwajiriwa. Kwa maoni yangu bajeti ya namna hiyo huua habari nyingi kuliko simu ya bosi kwa mhariri, na wala haimpi mtu kashfa.

Kumbuka Novemba 2018. Rais Magufuli alipoamuru jeshi likusanye korosho na bei iwe shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yalijaa kwenye runinga. Uhakiki wa mashamba, msako wa kangomba (wanunuzi wa korosho wa kinyemela) na wakulima waliongoja malipo hadi mwaka uliofuata havikuwa na picha ya kuvutia, na vilihitaji mwandishi wa kurudi kijijini mara kwa mara.

Watu wasipojisikia kwenye habari, hasira haimfikii mwenye chombo, humwangukia mwandishi. Mei 2013, Mtwara ilipochafuka kwa sababu ya bomba la gesi, miongoni mwa nyumba zilizochomwa ilikuwamo ya mwandishi wa TBC. Ulikuwa uhalifu, tena dhidi ya mtu ambaye hakupanga bomba wala sera ya shirika.

Na hata penye wamiliki wengi, mdhibiti wa utangazaji ni mmoja. Januari 2018 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilivitoza vituo vya ITV, EATV, Azam TV, Star TV na Channel Ten faini ya jumla ya shilingi milioni 60 kwa kutangaza taarifa ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kuhusu uchaguzi mdogo wa madiwani. Baada ya hapo, tahadhari ya mhariri wa kituo kimoja haitofautiani sana na ya mwenzake.

Je, redio za wilayani? Ziko karibu, na ukaribu ni mtaji. Ila nyingi huishi kwa vipindi vinavyolipiwa na mashirika na halmashauri, na halmashauri ni mmojawapo wa wanaokata kwenye kilo ya korosho. Hata hivyo hesabu za makato si siri: mwanachama ana haki ya kuziuliza kwenye mkutano wa chama chake cha msingi. Kuzipata hakuhitaji msafara. Kunahitaji mwandishi wa kukaa kwenye mkutano huo hadi jioni, na mtu wa kumlipa siku hiyo, habari itoke au isitoke.