Kabla ya Kuchangia Zege la Uchochoroni

Wengi wetu tuliokosa nafasi hosteli tunaishi mtaani, na nyumba nyingi za kupanga hapa Dar es Salaam zina kitu kimoja kinachofanana: ule uchochoro wa kivuli kati ya ukuta wa nyumba na uzio. Upana wake mita moja, ukibahatika mbili. Hapo ndipo tunapofulia, ndipo jiko la mkaa linapowashwa, na ndipo mtu anapovuta stuli asome mchana chumbani kukiwa hakukaliki. Masika yakianza panageuka tope, na hoja huwa ile ile: "Tuchange, tumwage zege, yaishe." Mwenye nyumba naye anakubali haraka, maana hela si yake.

Sasa, kabla bumu lako halijageuka mifuko ya saruji, tuelewane jambo moja. Penye kivuli, swali la kwanza siyo "tuweke nini chini?" Swali ni "maji yataelekea wapi?" Penye jua, ukikosea kidogo jua linakusaidia kukausha. Kivulini hakuna wa kukusaidia. Maji yakituama, yanakaa, na ukuta unaoyanywa ni ule ule uliosogezea kitanda chako.

Tuanze na kivuli chenyewe. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba, jua la saa sita mchana linakuwa upande wa kaskazini. Kwa hiyo upande wa nyumba unaotazama kusini unabaki kivulini muda wote huo, na masika, yaani Machi hadi Mei, yamo humo humo ndani. Upande huo unapokea mvua kubwa kuliko zote wakati ambao jua haulioni. Upande wa kaskazini unapata kivuli chake kuanzia Oktoba, msimu wa vuli. Ongeza uzio ulioziba upepo, utaelewa kwa nini uchochoro mmoja unakauka siku ile ile na mwingine unabaki mbichi wiki nzima.

Halafu kuna paa. Mvua ya milimita 1 ikidondoka kwenye mita moja ya mraba inatoa lita 1 ya maji. Chukua upande mmoja wa bati, urefu mita 10 na upana mita 4: hizo ni mita za mraba 40. Mvua ya milimita 20 inashusha lita 800, sawa na ndoo 40 za lita 20, zote kwenye mstari mmoja chini ya bati. Kama nyumba haina gata, hayo maji yanachimba mfereji wake mwenyewe na kurusha tope ukutani.

Sasa tuzipime njia zilizopo.

Ukoka unapendeza kwenye picha, ila unataka jua. Kivulini unakuwa mwembamba, unapata vipara, na mkipita kila siku na ndoo unakufa kabisa. Usichange hela hapo.

Udongo wa kufagia ni bure, na mahali pakavu hauna shida. Lakini fagio huondoa udongo kidogo kidogo, na mvua inamalizia. Miaka ikipita, ardhi inashuka na msingi unabaki wazi.

Kokoto ndizo zinazofaa zaidi chini ya tone la bati. Zinavunja nguvu ya tone, ukuta haurushiwi tope, na maji yanapenya kwenda chini. Tandaza unene wa sentimita 5 hadi 7. Chini yake usiweke nailoni, maana itashikilia maji. Weka viroba vilivyofumwa, ambavyo vinapitisha maji na kuzuia kokoto zisizame kwenye udongo. Kasoro zake: stuli na jiko vinayumba juu yake, na kama kuna mwembe jirani, majani yataingia katikati na kuoza, na kuyafagia ni kazi.

Pevingi ni nzuri kwa kutembea na kukaa. Kwa watu wa miguu, unene wa sentimita 6 unatosha. Ila isilazwe juu ya udongo mtupu: udongo ushindiliwe kwanza, kisha utandazwe mchanga wa sentimita 3 hadi 5. Ikilazwa kienyeji inabonyea, na kila palipobonyea panakuwa kidimbwi. Uzuri wake ni kwamba inang'oleka, hivyo bomba likipasuka chini yake hamvunji kitu.

Zege nalo halina ubaya wenyewe. Zege lililoinama kutoka ukutani linalinda msingi vizuri sana, na sehemu ya kufulia inalihitaji. Tatizo ni zege tambarare, au lililoinamia nyumba. Kabla yake, maji yalikuwa angalau yanazama ardhini. Baada yake, ndoo zote 40 zinatafuta mahali pa chini kabisa, na mara nyingi mahali hapo ni pale zege linapokutana na ukuta. Ukuta unayavuta kwenda juu kama utambi wa taa unavyovuta mafuta ya taa. Rangi inabambuka, kuvu inaota nyuma ya kabati, nguo zinanuka.

Kwa hiyo, lolote mtakalochagua, fundi abanwe kwa mambo manne.

Moja, mwinamo: kila mita moja kutoka ukutani, ishuke sentimita 2.

Pili, kimo. Kuna ile karatasi nyeusi ya kuzuia unyevu ambayo hulazwa juu ya msingi kabla ukuta haujapandishwa. Sakafu ya nje ibaki chini yake kwa sentimita 15 au zaidi. Ukimwaga zege juu ya zege la zamani mpaka ukaipita karatasi hiyo, umeyajengea maji daraja la kuingia ndani.

Tatu, maji yawe na pa kutokea: mfereji unaofika barabarani au shimo lenye mawe. Siyo kwa jirani, tafadhali. Maji yakituama wiki moja au mbili katika joto letu, yanatosha kutoa mbu wapya.

Nne, juu pasipigwe niru. Kivulini, sakafu laini inaota utando wa kijani, na mtu aliyebeba ndoo atateleza. Fundi apitishe ufagio wakati zege bado bichi, ibaki mikwaruzo.

Kuna jaribio lisilogharimu hata senti. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini, lijaze maji, yakiisha lijaze tena jioni, kisha lala. Asubuhi likiwa kavu, udongo wenu unapitisha maji na kokoto zitawafaa. Likiwa bado na maji, mna udongo wa mfinyanzi, na hapo anzeni na mfereji kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa uchochoro wa kawaida, mchanganyiko huu unatosha: kokoto nusu mita kandokando ya ukuta chini ya bati, mstari wa pevingi wa kupitia, na kipande kidogo cha zege chenye mwinamo pale mnapofulia. Zege linakuwa kidogo, na mchango unapungua.

Na mkikaa kikao cha wapangaji, muulizeni mwenye nyumba kuhusu gata kwanza. Nyumba ni yake na bati ni lake. Mkichangia sakafu ya nje, angalau maji ya juu yawe juu yake, na makubaliano yaandikwe ili kiasi mlichotoa kikatwe kwenye kodi.