Sura ya Sita: "Huyu Anakula, Ugonjwa Utoke Wapi?"

Sura hii nilikusudia kuigawa sehemu tatu: langoni, zizini, nyumbani. Lakini hakuna mnada niliowahi kufika nisikute neno lile lile: "Huyu anakula, anacheua, ugonjwa utoke wapi?" Basi tuanze na hilo.

Ng'ombe aliyeambukizwa ugonjwa wa miguu na midomo huweza kukaa siku 2 hadi 14 kabla ya kutoa udenda au kuchechemea, na huanza kumwaga virusi kabla malengelenge hayajaonekana. Homa ya mapafu ina hila zaidi: mnyama huweza kuibeba kwa miezi. Jicho la afisa mifugo, hata liwe kali vipi, humnasa yule aliyekwisha kuugua tu.

Uingereza waliyaona haya mwaka 2001, kwa ugonjwa wa miguu na midomo. Mwezi Februari kondoo walipitia mnada wa Longtown, na kondoo huugua kimyakimya. Ugonjwa ulithibitishwa tarehe 20, usafirishaji wa mifugo ukapigwa marufuku tarehe 23. Malori yalikwisha kuusambaza. Wanyama zaidi ya milioni 6 walichinjwa.

Sasa mtazame dalali wetu. Anampanua ng'ombe mdomo, anapapasa meno apate umri, anajifuta mkono kwenye suruali, anamhamia wa pili. Hadi adhuhuri, mate ya zizi zima yamekutana kwenye vidole vitano. Ng'ombe wakianza kuchechemea kule kijijini, mwenyewe anasema kijicho cha jirani, anawavisha hirizi! Hirizi haizuii mate. Mkono unataka maji na sabuni.

Wala sioni tofauti kubwa kati ya hirizi na yule kijana wa bomba langoni, anayenyunyizia matairi dawa yenye harufu kali juu ya kinyesi kilichoganda. Dawa huishia kwenye kinyesi. Kwangua, sugua kwa brashi, suuza. Ndipo upige dawa. Si lazima iwe ya bei: sodiamu kaboneti, ndugu wa magadi ya jikoni, gramu 40 kwa lita ya maji, huua virusi vya miguu na midomo.

Nimeimaliza nafasi tungali langoni. Ya nyumbani basi kwa ufupi: uliyemnunua, na hasa yule uliyerudi naye kwa kukosa bei, asilale na wenzake. Mtenge majuma matatu, chombo chake cha maji kiwe chake, na kila siku umhudumie wa mwisho.