Kabla hujapuliza dawa, mjue kunguni wa nyanya zako

Ukisikia neno kunguni, akili inakimbilia kitandani. Kikulacho ki nguoni mwako, si ndiyo? Lakini yuko kunguni mwingine ambaye hana haja na damu yako. Huyu anaishi kwenye majani, na kama umepanda nyanya kwenye ndoo, iwe roshani ya Ndia Kuu au paa la nyumba yenu, huenda mnaishi naye tayari bila kujuana.

Jina lake la kisayansi ni Nesidiocoris tenuis. Ni mwembamba, kijani, urefu wa milimita 3 hadi 4, mwenye miguu na vipapasio virefu. Unalijua shina la mnyanya lilivyo na vinyweleo vinavyonata? Wadudu wengine hunasa pale. Yeye anapita mbio kama yuko barabarani. Wengi wakimwona hukimbilia chupa ya dawa. Hebu ngoja kwanza.

Mrija badala ya meno

Kunguni wote, wa kitandani na wa majani, wako kwenye oda moja iitwayo Hemiptera. Hawana meno, wana mrija. Huyu wetu hulidunga windo lake, akamwaga mate yanayoyeyusha nyama ya ndani, kisha akafyonza, kama wewe na dafu lako pale Lighthouse.

Na windo lake ni nani? Inzi weupe, na mayai ya nondo. Hapo ndipo anapokuwa rafiki yako. Mwaka wa 2014 Kenya ilivamiwa na Tuta absoluta, nondo mdogo wa asili ya Amerika Kusini, ambaye wakulima wa Tanzania wamembandika jina la kantangaze. Kiwavi wake hujichimbia ndani ya jani na ndani ya tunda, kwa hivyo dawa inayopulizwa juu haimfikii vizuri. Shamba likiharibiwa Taveta au Loitokitok, wewe unayenunua nyanya Marikiti unalisikia mfukoni.

Kunguni wetu humaliza mambo mapema: anafyonza yai kabla kiwavi hajazaliwa. Uhispania wakulima humwachilia makusudi ndani ya vibanda vyao vya nyanya. Hapa Kenya, watafiti wa icipe wamemchunguza kwa kazi hiyo hiyo.

Familia ya mlinzi na mwizi

Sasa utauliza, mbona tusimwite tu mdudu mzuri yakaisha? Kwa sababu ya familia yake. Anatoka Miridae, ambayo ina zaidi ya spishi 11,000 zilizokwisha kupewa majina. Humo humo yumo Helopeltis, mbu wa mikorosho, ambaye ukweli si mbu hata kidogo. Yeye hufyonza machipukizi machanga ya mkorosho hadi yanakauka. Wawili hawa wako familia moja, na hata kitengo kimoja ndani ya familia hiyo. Ukitaka kuwatenganisha, angalia mgongoni: Helopeltis ana kijiti kimesimama mfano wa pini. Mlinzi wetu hana.

Majina nayo yana vurugu zake. Mlinzi huyu alielezwa na Mfini O. M. Reuter mwaka wa 1895, na kwa miaka mingi vitabu vilimwita Cyrtopeltis tenuis. Ni kama mgeni kuandika Njia Kuu badala ya Ndia Kuu: jina limebadilika, mtaa ni ule ule. Tofauti ni kwamba kwenye sayansi lazima mtu akae na hadubini athibitishe kuwa ni yule yule.

Mmoja wa waliokaa na hadubini hiyo ni mzaliwa wa Mombasa. Thomas Risley Odhiambo alizaliwa hapa mwaka wa 1931. Mwaka wa 1961 alichapisha utafiti wa spishi za Afrika za kundi hilo la Cyrtopeltis, na mwaka wa 1970 akaanzisha icipe kule Nairobi. Kwa hivyo ukiambiwa kupanga wadudu kwa majina ni kazi ya kupoteza wakati, una jibu.

Mlinzi mwenye njaa

Lakini usimfanye malaika. Windo likiisha, anageukia mnyanya wenyewe. Utaona pete za kahawia zimezunguka shina, ncha zinavunjika, maua yanaanguka. Jike hutaga mayai ndani ya shina, hivyo huyaoni. Tunutu hupitia hatua 5 kabla ya kuota mbawa kamili, na kwenye joto kama letu hukua upesi.

Basi fanya hivi. Geuza majani, piga picha kwa simu, vuta karibu. Kama inzi weupe wapo na yeye yupo, mwache afanye kazi. Kama windo limeisha na pete za kahawia zimeanza, tikisa matawi juu ya karatasi nyeupe uwapunguze kwa mkono. Ukipuliza dawa kali, atakayekufa kwanza ni yeye aliye nje, huku kiwavi amejificha ndani ya jani. Halafu nyanya hiyo hiyo ndiyo utakayoikatia kachumbari Ijumaa.