Ngano ilichanua angani, lakini masuke yakatoka matupu

Mkulima wa pembeni ya Kolwezi anamenya muhindi, anakuta meno machache tu, kwingine ni mapengo. Mara nyingi sababu anaijua: mvula ilikatika wakati nywele za muhindi zinatoka, zikakauka mbele unga wa maua haujazishika. Mwaka wa 1996 watu wa angani walipata hasara inayofanana na hiyo, tena kubwa zaidi.

Ndani ya Mir, kituo cha Warusi kilichokuwa kinazunguka dunia, Mmarekani Shannon Lucid alipanda ngano fupi. Ilimea vizuri, ikatoa karibu masuke 300. Mwenzake John Blaha aliivuna mwezi wa Desemba. Kufungua masuke: hamna hata mbegu moja.

Mutu angedhani ni juu ya kukosa uzito. Lakini majaribio yaliyofanywa huku chini yalishika mwizi mwingine, gazi inayoitwa etilene. Ni ileile inayotoka kwenye ndizi. Ndiyo maana mama akifunika ndizi mbichi ndani ya gunia zinaiva haraka. Shambani upepo unaibeba. Ndani ya chombo kilichofungwa pande zote inarundikana, na unga wa maua ya ngano unaharibika. Ua linafunguka, lakini haliwezi kuzalisha.

Na kule hewa yenyewe haitembei. Huku kwetu duniani hewa ya moto inapanda, ya baridi inashuka. Pasipo uzito mwendo huo haupo, jani linabaki limezungukwa na hewa ileile iliyochoka. Mwaka wa 1993, kwenye vyombo vya Marekani, mmea mdogo wa arabidopsi ulishindwa kufanya mbegu. Mwaka wa 1994 waliupitishia hewa, mbegu zikakomaa. Upepo kidogo tu!

Kukosa uzito nako kuna kasoro yake. Mwaka wa 1997, Michael Foale alipanda kwenye Mir mmea wa jamii moja na shu-de-shine, zile mboga zinazojaa masokoni Kolwezi. Kule hakuna nyuki, kwa hiyo alipaka maua unga kwa kijiti chenye kipande cha nyuki mkavu. Mbegu zilipatikana, zikapandwa tena hukohuko, zikazaa. Lakini zilikuwa ndogo, na akiba ya chakula ndani yake haikuwa kama ya mbegu za duniani. Kwa mutu anayetaka kuishi mbali miaka mingi, hilo si jambo dogo: mbegu ikidhoofika, msimu unaofuata unadhoofika nayo.

Ngano ilizaa baadaye, 1999, walipochagua aina isiyosumbuliwa sana na etilene. Ilitoa zaidi ya mbegu 500.

Mtama nao ulifika. Tarehe 7 Novemba 2022, mbegu zake zilirushwa na shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, pamoja na lile la nguvu za atomiki. Zilirudi mwaka wa 2023, zikapelekwa kwenye laboratware ya Austria, ili zipandwe na kuchunguzwa kama mionzi ya kule imezaa aina inayovumilia ukame.