Nywele Zinakatika au Zinang'oka?

Akina mama wengi wakiona nywele zinatoka hukimbilia dukani kununua mafuta. Afadhali kwanza kujua chanzo, na kwa kuanzia hakuna haja ya sindano wala kukatwa ngozi.

Mwambie mwenzako wa kikundi ashike nywele zako kama 50 au 60, karibu na ngozi, avute polepole mpaka nchani. Usiwe umeziosha siku hiyo. Zile zisizo na kidonge cheupe upande wa mzizi zimekatika tu. Zenye kidonge zikizidi 6, zinang'oka kupita kawaida. Je, ulijifungua au uliugua homa kali miezi 2 au 3 iliyopita? Kama ndivyo, mara nyingi huota tena zenyewe.

Zikiwa zimepungua kwenye paji la uso na juu ya masikio, shuku misuko ya kukaza (ile ya kukunyima usingizi!). Ilegeze mapema.

Halafu tazama ngozi penye upara. Ikiwa inang'aa na vitundu vya nywele havionekani, usingoje, maana pakishakuwa kovu nywele hazioti tena. Daktari wa ngozi atapaangalia kwa kioo cha kukuza chenye taa. Hakiumi hata kidogo.